Sura ya Sita: Moyo, Maumivu na Kitenzi Kinachokuja Mwisho

Afrika Mashariki iliwahi kujifunza maneno ya mapenzi ya lugha nyingine kwa njia ya nyimbo, tena bila mwalimu wala daftari. Kwa miongo kadhaa muziki wa Kongo ulitawala redio na kumbi za dansi za Nairobi, Kampala na Dar es Salaam. Franco, Tabu Ley na Mbilia Bel waliimbwa neno kwa neno na watu ambao hawajawahi kuvuka mpaka wa Kongo. Hadi leo mtu mzima wa Mwanza au Mombasa atakwambia bila kusita kwamba *bolingo* ni mapenzi, *motema* ni moyo na *mwasi* ni mwanamke. Sasa mwombe aagize maji ya kunywa kwa Kilingala, au aulize nauli ni kiasi gani. Hatakuwa na la kusema.

Nyimbo zilimpa maneno, lugha hazikumpa. Aliuimba ubeti mzima kama sauti moja ndefu, akafurahi nao, akauhifadhi, lakini hakuwahi kuufungua akaona kila neno linafanya kazi gani na limekaa pale kwa nini. Ndiyo maana sina imani na ushauri unaotolewa kila mahali kwamba ukitaka kujua Kijerumani sikiliza nyimbo za Kijerumani. Kusikiliza peke yake kutakupa *Liebe*, mapenzi, na *Herz*, moyo, na utaishia hapo.

Hata hivyo naupenda wimbo wa mapenzi kuliko maandishi mengine yoyote ya kumwanzishia Mswahili lugha hii. Mambo yanayomsumbua zaidi katika Kijerumani, yaani *dich* na *dir*, vitenzi vinavyogawanyika, kitenzi kinachosukumwa hadi mwisho wa sentensi na konsonanti zinazorundikana bila irabu, yote yamejaa katika wimbo wa mapenzi. Barua ya ofisini haina *dich* hata moja. Taarifa ya habari nayo haina. Wimbo wa dakika tatu unaweza kuwa nazo kumi na zaidi.

Kuhusu kumbukumbu, watafiti wametupa mambo mawili ya kushika. Mwaka 1994 Wanda Wallace alichapisha majaribio aliyofanya kwa nyimbo za masimulizi. Watu walikumbuka maneno vizuri zaidi walipoyasikia yakiimbwa kuliko yaliposemwa tu, ila kwa sharti moja: lahani ijirudie ubeti baada ya ubeti. Waliposikia ubeti mmoja pekee, lahani haikuwasaidia. Halafu mwaka 2014 Karen Ludke na wenzake walichapisha jaribio lililofanyika Edinburgh kwa watu wazima 60 waliofundishwa misemo ya Kihungaria kwa dakika 15. Kundi moja lilirudia misemo kwa kuisema, la pili kwa kuisema kwa mdundo, la tatu kwa kuiimba. Walioimba ndio waliofanya vizuri zaidi walipotakiwa kuitamka tena misemo hiyo. Kwa hiyo chagua wimbo ambao beti zake zina lahani moja, kisha uuimbe mwenyewe kwa mdomo wako. Kuusikiliza ukiwa unaosha vyombo ni burudani njema, lakini mdomo haujafanya kazi.

Tuufungue ubeti mmoja pamoja. Nimeutunga kwa ajili ya sura hii, kwa maneno ambayo utayakuta katika mamia ya nyimbo za Kijerumani:

*Ich warte hier auf dich,*
*du kommst nicht mehr zurück.*
*Ich habe dir vertraut,*
*du warst mein ganzes Glück.*

Maana yake: nakungoja hapa, hurudi tena, nilikuamini, ulikuwa furaha yangu yote. Kila mshororo una mizani sita, na kina kiko kwenye mshororo wa pili na wa nne. Usome kwa sauti mara kadhaa hadi uingie mdomoni, kisha tuanze kuubomoa.

Angalia kwanza mshororo wa kwanza na wa tatu. Kwa Kiswahili tumesema "nakungoja" na "nilikuamini", na kote mna *-ku-* ileile. Kiambishi hicho hakijali kama mtu anapokea tendo lenyewe au anatendewa jambo: nakupenda, nakupa, nakuambia, nakuona. Kijerumani hakikubali hivyo. Walimu wetu wa sarufi hutofautisha yambwa tendwa na yambwa tendewa, na wanafunzi wengi huona ni istilahi za mtihani tu. Kwa Mjerumani tofauti hiyo iko mdomoni kila siku, na katika wimbo wa mapenzi iko kila baada ya maneno machache. Ukimpenda mtu, ukimbusu, ukimwona, ukimhitaji au ukimsahau, yeye ni *dich*: *ich liebe dich, ich brauche dich, ich vergesse dich*. Ukimpa, ukimwambia, ukimwamini, ukimsamehe au ukimsaidia, yeye ni *dir*: *ich glaube dir, ich vertraue dir, ich verzeihe dir*. Mambo ni yaleyale kwa *-ni-* yetu, inayogawanyika kuwa *mich* na *mir*.

Ipo kanuni ya kukuongoza, lakini kanuni haisemi haraka. Mdomo uliozoea *ich vertraue dir* ndani ya lahani hautasema *dich*, kwa sababu lahani itakwaruza. Ndiyo maana nasisitiza kwamba kitenzi kisiandikwe kwenye daftari peke yake. Kiandike na mwenzake: *vertrauen* na *dir*, *lieben* na *dich*. Vingine huja na neno dogo katikati, nalo ni sehemu ya kitenzi kama mkono ulivyo sehemu ya mwili. Kungoja ni *warten auf*, nayo huchukua *dich*. Kumfikiria mtu ni *denken an*, nayo pia *dich*. Kumwota ni *träumen von*, hapo ni *dir*. Neno *auf* ukilitafuta kamusini utaambiwa ni "juu ya", lakini anayekungoja hayuko juu yako. Usilitafsiri. Liimbe pale lilipo.

Na kuna kitenzi kimoja cha kundi la *dir* na *mir* ambacho kila mwanafunzi wangu hukosea mwanzoni, nacho kimejaa nyimbo za kuachana: *fehlen*. Ukitaka kusema nimekumisi, unaweza kusema *ich vermisse dich*, na muundo wake ni kama wetu. Lakini Wajerumani hupenda zaidi *du fehlst mir*. Hapo kiima ni yule aliyeondoka. Yeye ndiye "anayekosekana", na mimi niliyebaki na huzuni nimewekwa mwisho, mtendewa tu. Mswahili hutaka kuanza na "mimi", akasema *ich fehle dir*, na kumbe amemwambia mwenzake kwamba ni yeye ndiye anayemkumbuka. Ni tofauti inayoweza kuanzisha ugomvi mdogo kwenye simu.

Mshororo wa pili una *kommst* mwanzoni na *zurück* mwishoni. Hayo si maneno mawili. Ni kitenzi kimoja, *zurückkommen*, kurudi, kilichogawanywa, kipande kimoja kikapelekwa mwisho wa sentensi. Anayetafuta *kommen* kamusini atapata "kuja", na atakosa nusu ya kilichoimbwa. Vitenzi vya namna hii ndivyo chakula cha wimbo wa mapenzi: *anrufen* kupiga simu, *weggehen* kuondoka, *festhalten* kushikilia, *loslassen* kuachilia, *aufwachen* kuamka, *anfangen* kuanza, *aufhören* kuacha. Na kwa kuwa kipande kile hukaa mwisho, mtunzi hukitumia kutengeneza kina. *Zurück* na *Glück* ni kina ambacho Wajerumani wamekitumia hadi kimechakaa, na kwetu tunaojifunza uchakavu huo ni neema. Ukisikia mshororo unaelekea kwenye *Glück*, sikio lako linaanza kutazamia *zurück*, na kutazamia ndiko kuelewa lugha.

Mshororo wa tatu una *habe* na *vertraut*. Vitenzi vingi vya Kijerumani vikisimulia jambo lililopita huongezewa *ge-*: *geliebt, gelacht, gedacht*. Vyenye *ver-* vimekataa. Ni *vertraut*, ni *vergessen*, ni *verloren*. Na hebu tazama ni vingapi vinakaa chini ya kiambishi hiki kimoja: *sich verlieben* kuanza kumpenda mtu, *sich verloben* kuchumbiana, *versprechen* kuahidi, *verstehen* kuelewa, *verraten* kusaliti, *verlassen* kumwacha mtu, *verlieren* kupoteza, *verzeihen* kusamehe, *vergessen* kusahau. Mapenzi mazima yamo humo, kuanzia siku ya kwanza hadi siku ya kusahau. Vyote vina tabia moja: *ver-* haikatiki kama *zurück*, na haibebi mkazo. Mkazo uko kwenye mzizi, *ver-GES-sen*, na mtunzi wa muziki lazima aweke silabi hiyo kwenye pigo zito, la sivyo neno litasikika limevunjika. Hivyo lahani inakufundisha mkazo bila alama yoyote juu ya neno. Kwetu mkazo ni wa silabi ya pili kutoka mwisho, nasi hubeba desturi hiyo kila tuendako. Muziki hautakuruhusu.

Mshororo wa mwisho una siri ndogo ninayoipenda sana. Jinsia za nomino za Kijerumani, *der*, *die* na *das*, ni mzigo kwa kila mgeni, na nyimbo huzificha, kwa sababu mpenzi hasemi "moyo", husema "moyo wangu". *Mein Herz*, *mein Stern*: la kwanza ni la *das*, la pili la *der*, na *mein* haikwambii kitu. Lakini kivumishi kikiingia katikati, siri inatoka. *Mein ganzes Glück* ina *-es*, basi ni *das Glück*. Ingekuwa fahari yangu yote, ingekuwa *mein ganzer Stolz*, *der Stolz*. Mswahili aliyekulia na ngeli hahitaji kuelezwa kwa nini nomino inatawala maneno yanayoifuata. Sisi husema kitabu changu kizuri na mti wangu mzuri bila kufikiri. Tofauti ni kwamba ngeli zetu kwa kawaida huonekana kwenye nomino yenyewe, na za Kijerumani mara nyingi huonekana kwa jirani. Zoea kumtazama jirani.

Hapo tumetumia mizani 24, na bado hatujagusa jambo linaloufanya wimbo wa Kijerumani uwe darasa la aina yake. Katika kishazi tegemezi, kinachoanza na *weil*, *dass*, *wenn* au *ob*, kitenzi huenda mwisho kabisa: *weil ich dich liebe*, kwa sababu nakupenda, *wenn du gehst*, ukiondoka. Katika mazungumzo mwanafunzi husahau, kwa kuwa akili yake imeshachoka kabla hajafika mwisho. Katika wimbo, mwisho ndiko kina kilipo. Kwa hiyo kitenzi kimekaa mahali ambapo sikio linasubiri kwa hamu kuliko pote. Ndiyo maana vina vya Kijerumani vimejaa vitenzi: *gehen, sehen, stehen, verstehen*, au *gemacht, gedacht, gelacht*, vikiungana na *Nacht*, usiku, ambao katika nyimbo hizi hauishi.

Zoezi linatokana na hilo. Cheza wimbo, na kabla neno la mwisho la mshororo halijaimbwa, simamisha. Litamke wewe. Kisha endelea usikie kama umepata. Siku ya kwanza utapata machache. Baada ya siku kadhaa utaanza kuyapata hata katika wimbo usioujua vizuri, kwa sababu umeshaanza kuhisi sentensi inadai kitenzi gani.

Ila sikio letu lina desturi moja ya kurekebisha. Mshairi wa Kiswahili hutafuta kina kwenye silabi ya mwisho. Maneno yakiishia na silabi moja, yamefungana. Kwa hesabu hiyo *habe* na *Liebe* yangekuwa na kina, maana yote yanaishia *-be*. Mjerumani hasikii kina chochote hapo. Kwake kina huanzia kwenye irabu yenye mkazo na kwenda hadi mwisho wa neno: *Herz* na *Schmerz*, *Liebe* na *bliebe*. Silabi ile ya mwisho isiyo na mkazo ni dhaifu mno, na waimbaji wa siku hizi huimeza kabisa, *ich habe* ikawa *ich hab*. Mswahili anayesikiliza kwa sikio la shairi la kwao anakaza sikio mahali ambapo sauti inakufa. Rudisha sikio nyuma kidogo, kwenye mkazo, nawe utaanza kusikia maneno uliyodhani hayakutamkwa.

Sasa mdomo. Tunajua Mswahili hulifanya nini neno la Kijerumani, kwa sababu tunayo mawili matatu katika lugha yetu tangu enzi za utawala wa Wajerumani. *Schule* imekuwa shule. *Heller*, sarafu iliyoletwa Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1904, imekuwa hela. Neno likiishia na konsonanti tunalisawazisha kwa irabu, na ni tabia nzuri unapokopa. Unapojifunza, inakuponza. *Herz* ikawa "hertsi", silabi mbili. Ikiwa umeimba, utajua mara moja kwamba umekosea, kwa sababu mtunzi amelipa neno hilo noti moja tu, na wewe umebaki na irabu isiyo na mahali pa kukaa. Imba *Herz* kwenye noti moja ndefu: vuta *e*, kisha funga kwa *ts* mwishoni kabisa. Fanya hivyo kwa *liebst*, kwa *brauchst*, kwa *Angst*.

Miongoni mwa maneno yanayorudiwa sana katika nyimbo hizi ni *ich, dich, mich, nicht*, na yote manne yana sauti moja ambayo hatuna. Si *sh*. Si ile *kh* ya "kheri" inavyotamkwa na watu wa pwani, ingawa hiyo itakufaa kwa *Nacht* na *auch*. Nong'ona "hi" kwa nguvu huku ulimi umeuinua kama unataka kusema "y", kisha acha pumzi ipite. Hiyo ndiyo. Na *mir* na *dir* usiziviringishe *r* mwishoni. Kwa Wajerumani wengi *mir* inakaribia kabisa "mia" yetu, ile ya hesabu.

Hapa nina pendekezo ambalo huwashangaza wanafunzi: anzeni na muziki wa zamani. Waimbaji wa *Lied*, wimbo wa sauti moja na piano, wamefundishwa kutamka kila konsonanti na kila silabi hadi watu wa nyuma ukumbini wasikie. Wengi wao kwa desturi huviringisha *r* kwa ncha ya ulimi, kama sisi. Mswahili hujisikia nyumbani katika matamshi hayo, na anapata nafasi ya kusikia neno zima kabla ya kukutana na vijana wa Berlin wanaolimeza nusu. Msikilize Dietrich Fischer-Dieskau, aliyezaliwa 1925 na kufariki 2012, akiimba *Dichterliebe* ya Robert Schumann. Ni nyimbo 16 juu ya mashairi ya Heinrich Heine, na Heine ni zawadi kwa mwanafunzi, kwa kuwa aliandika maumivu makubwa kwa maneno ya kila siku: moyo, ndoto, machozi, maua, ndege, macho.

Schumann alizitunga mwaka 1840, na hadithi ya mwaka huo inastahili kusimuliwa. Alimpenda Clara Wieck, mpiga piano hodari, binti wa mwalimu wake mwenyewe. Baba akakataa katakata. Wapenzi wakaenda mahakamani kuomba ruhusa ya kuoana, kesi ikaburuta, na Schumann, ambaye hadi hapo aliandika karibu muziki wa piano mtupu, akafurika nyimbo, zaidi ya mia moja kwa mwaka mmoja. Mahakama ikawapa haki. Walifunga ndoa tarehe 12 Septemba 1840, siku moja kabla Clara hajatimiza miaka 21. Anayejua hayo akasikiliza tena, *Sehnsucht* haiwi tena neno la kukariri. Anaelewa ni hamu ya namna gani inayomfanya mtu asiweze kulala.

Zamani ina mitego yake, bila shaka. *Heidenröslein*, shairi la Goethe ambalo Schubert alilitungia muziki mwaka 1815, lina beti tatu za lahani moja, umbo lilelile ambalo utafiti wa Wallace unalisifu, na limejaa vitenzi vya wakati uliopita wa masimulizi, *sah, sprach, brach*, ambavyo ni vigumu kuvipata kwingine kwa ufupi huo. Lakini mvulana humo anaitwa *Knabe*, na leo mvulana ni *Junge*. Pia ujue unachokiimba: mvulana anavunja ua lililomkataza, na wasomaji wengi wa leo wanaona humo binti anayelazimishwa. Mwalimu asiwapitishe wanafunzi hapo kimyakimya. *Lili Marleen* ni salama zaidi kwa msamiati. Hans Leip aliliandika shairi lake mwaka 1915 akiwa askari, Lale Andersen akaliimba kwenye sahani mwaka 1939, na redio ya jeshi la Wajerumani huko Belgrade ikalifanya wimbo wa askari wa pande zote mbili za vita. Ukimaliza, unajua kambi, lango, taa na kuagana, kwa lahani inayojirudia.

Kutoka hapo nenda kwenye *Schlager*, muziki mwepesi wa mapenzi ambao vijana wa mijini huko huudharau. Mimi siudharau. Waimbaji kama Helene Fischer hutamka vizuri, sentensi ni fupi, viitikio vinajirudia, na hayo ndiyo mahitaji yako. Herbert Grönemeyer muache kwanza, si kwa ubaya. Wajerumani wenyewe hulalamika kwamba hawamsikii vizuri anasema nini. Ila msome. Wimbo wake wa mwaka 1984, *Flugzeuge im Bauch*, unaitwa "Ndege tumboni", yaani ndege za kubeba abiria, na jina hilo halitakuwa na maana hadi ujue kwamba Mjerumani aliyependa husema ana vipepeo tumboni, *Schmetterlinge im Bauch*. Vipepeo wamekuwa mashine nzito. Kundi la BAP nalo huimba kwa lahaja ya Köln, na lahaja iwe ya baadaye.

Ukitaka neno moja litakalozaa mengi, chukua la Namika, mwimbaji wa Frankfurt mwenye asili ya Moroko: *Lieblingsmensch*, wimbo wa mwaka 2015. *Lieblings-* ni kile unachokipenda kuliko vingine vyote, na unaweza kukibandika mbele ya karibu nomino yoyote. *Lieblingsessen*, chakula. *Lieblingslied*, wimbo. *Lieblingsfarbe*, rangi. Jinsia hufuata neno la mwisho daima, kwa hiyo *das Essen* hukupa *das Lieblingsessen*. Nomino za dhahania ni rahisi kuliko hata hapo. Sisi tunazo za *U-*: upweke, uhuru, urafiki. Wao huweka alama hiyo mwishoni: *Einsamkeit, Freiheit, Freundschaft*. Kila nomino iliyoundwa kwa kiambishi *-heit, -keit, -schaft* au *-ung* ni ya *die*. Na kwa kuwa nyimbo za mapenzi haziishi kulia juu ya *Hoffnung*, matumaini, na *Vergangenheit*, yaliyopita, unaokota nomino nyingi ambazo jinsia yake hutaikosea tena.

Yako mambo ambayo wimbo hautakufundisha, na mengine utakufundisha vibaya. "Kupenda" kwetu hubeba yote: napenda chai, nampenda mama, nakupenda wewe. Mwanafunzi wa nyimbo anatoka na *lieben* tu na kuitumia kila mahali. Chai mtu huinywa *gern*, au huipenda kwa *mögen*: *ich mag Tee*. Ndugu, mtoto na rafiki wa karibu huambiwa *ich hab dich lieb*. *Ich liebe dich* ina uzito, na Wajerumani wengi hukaa muda mrefu kabla ya kulisema. Anayelisema wiki ya pili anaweza kumtisha mwenzake bila kujua.

Jambo kubwa zaidi ni *du*. Wimbo wa mapenzi hauna *Sie*, ile ya heshima kwa mtu usiyezoeana naye. Na wengi wanaojifunza Kijerumani katika miji yetu wana safari halisi mbele yao. Tangu mwaka 2007 sheria ya Ujerumani inamtaka kwa kawaida mume au mke anayemfuata mwenzi wake huko athibitishe Kijerumani cha msingi, ngazi ya A1, kabla ya kupewa viza. Kwa hiyo katika madarasa ya Goethe-Institut ya Nairobi na Dar es Salaam utawakuta watu waliopelekwa darasani na mapenzi yenyewe. Mtihani wao utawauliza tarehe ya kuzaliwa, saa ya treni na jinsi ya kujaza fomu. Hautawauliza *Sehnsucht*. Wauguzi wanaotafuta kazi huko wanatakiwa ngazi za juu zaidi, na mgonjwa mzee wa Hamburg hataki kuitwa *du* na mgeni aliyevaa sare.

Basi ukishaujua ubeti, ugeuze wote kutoka *du* kwenda *Sie*. Kitenzi kinapata *-en*, *dich* inakuwa *Sie*, *dir* inakuwa *Ihnen*. Lahani itavunjika, na hapo ndipo utalazimika kufikiri. *Ich warte hier auf Sie*: sasa ni sentensi ya kumwambia daktari au dereva wa teksi. *Sie kommen nicht mehr zurück?* ni swali la kumwuliza karani anayefunga dirisha. Badilisha *kommen* kwa *rufen*, utapata *Rufen Sie mich bitte zurück*, nipigie tafadhali. Na ule mshororo wa tatu, *ich habe Ihnen vertraut*, umwekee akiba wakala aliyekuahidi chumba, akapokea amana, kisha akazima simu.